Upande wa Nyuma wa Shuka

Siku ya pili ya msiba wa Nchagwa, mjukuu wangu Chacha alifika Kerende na mashine ya kuonyesha sinema begani, waya wa umeme shingoni kama fundi wa simu. Akaniamkia, kisha akaniuliza pa kutundika shuka. Watoto wa marehemu ndio waliomwita. Walisema baba yao alipenda sinema kuliko alivyopenda dawa alizogawa zahanati maisha yake yote, na waombolezaji wangependa kukaa na kitu alichokipenda. Sikubisha. Msiba una wenyewe. Sisi wengine tunakuja kulia kidogo na kula sana. Chacha akalibana lile shuka ukutani kwa misumari minne, akaihesabu, na mimi nikaihesabu tena kwa sababu misumari ilikuwa ya kuazima. Giza lilipoingia akawasha. Sinema yenyewe ilikuwa ya zamani, ya Wamarekani, nyeusi na nyeupe, ya mauaji: mvua, kofia, moshi wa sigara, mwanamke anayejua mengi na kusema machache. Chacha amesomea mambo hayo Dar es Salaam, kwa hiyo hawezi kutazama akanyamaza. "Angalia hicho kivuli, bibi," akaninong'oneza. "Angalia mwanga unavyoukata uso wa mpelelezi. Siku hizi hawawezi tena kutengeneza kitu kama hiki." Nikaangalia. Katikati ya kivuli alichokuwa akikisifu alisimama mtu mweusi, kofia ya kazi kichwani, sanduku la mwenzake mkononi, meno yote nje.

"Na huyo mwenye sanduku?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo hapo. Aliyesimama ndani ya kivuli chako."

"Aah, huyo." Chacha akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Huyo ni mtu wa nyuma tu, bibi. Hana kazi kwenye hadithi."

Mate yakanijaa mdomoni, yale yanayomjaa mtu aliyepiga funda la maziwa yaliyoharibika akiwa mbele ya wenye nyumba na hawezi kuyatema. Sikuwa nimeyasikia mate hayo tangu mwaka mmoja wa ujana wangu, na nilidhani nilikwisha kuyameza. Habari za kwetu, nani alimzaa nani na kwa ng'ombe wangapi, nawaachia wanaozipenda. Nitasema habari za mwaka huo tu.

Ulikuwa mwaka wa katikati ya miaka ya hamsini, mimi ni msichana niliyekwisha kukomaa mdomo, nauza maandazi kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu upande wa Nyangoto. Mgodi wenyewe sitautaja jina. Wenye nao waliondoka zamani. Wazungu wa pale walikuwa na klabu yao, chumba kirefu chembamba chenye sakafu ya mbao na viti vya turubai. Palinuka bia, mafuta ya taa na mbwa waliolowa. Kila Jumamosi walionyeshana sinema. Kwa kuwa chumba kilikuwa chembamba na mashine ilitaka nafasi, shuka lilitundikwa mwisho kabisa, kwenye uwazi mpana wa kutokea verandani. Wazungu walikaa mbele ya shuka. Mhindi wa duka alipewa benchi karibu na mlango wa pembeni. Sisi tulikaa verandani, nyuma ya shuka, kwenye sementi. Picha hupita kitambaa. Tuliiona yote, ila iligeuka: maandishi yalisomeka kinyumenyume na kila mtu alitumia mkono wa kushoto. Walikula kwa kushoto, waliamkiana kwa kushoto, walipeana pesa kwa kushoto. Sasa kwetu, ukimpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto umemtukana na mama yake. Kwa hiyo kabla hata risasi haijalia, tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba Wamarekani ni watu wasio na adabu. Siku moja niliitwa ndani kuokota bilauri, nikaiona picha kwa upande wao, na mtu yule yule alikuwa anakula kwa kulia. Nikatoka mbio kuwaambia wenzangu. "Robi," wakaniambia, "mle ndani wamekupa pombe."

Tena hatukutakiwa kuwepo. Sinema za wizi na mauaji zilikatazwa kwa Waafrika. Waliogopa zingetufundisha kuiba. Sisi tuliletewa sinema zetu kwa gari: mtu amechimba choo, akapata maendeleo, jirani yake hakuchimba, akaharisha. Meneja wa mgodi alijua tunakaa verandani. Alichotaka ni tusisikike. Tulikuwepo kwa sharti la kutokuwepo. Maisha yangu yote nimefanya biashara, na bado sijakutana na mapatano mabaya kuliko hayo.

Mkalimani wetu alikuwa huyu huyu Nchagwa tuliyemzika. Wakati ule alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya kambi, kijana mrefu mwenye Kiingereza cha misheni na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Aliegemea nguzo, akatutafsiria kwa mnong'ono, na mnong'ono ule ukapita mtu hadi mtu mpaka mwisho wa veranda, ambako ulifika umechelewa, kwa hiyo watu wa mwisho walishtuka wakati sisi tumekwisha kutulia. Kwa mnong'ono ule niliujua ulimwengu wa mle ndani, na kadiri nilivyoujua ndivyo ulivyonitia kinyaa. Mpelelezi alikuwa mweupe, muuaji mweupe, marehemu mweupe. Sisi tulifungua milango. Tulipiga viatu rangi, tulipiga piano bila kugeuka, tulibeba masanduku, na bastola ikitokea tulitoa macho kama mayai ya kuchemsha, wazungu wakacheka mpaka viti vikalia. Mwanamke mweusi alikuwa mmoja kila mara, mnene, mwenye aproni, anamwambia binti wa watu ale. Mchina alikuwa mzungu aliyevutwa macho kwa gundi. Mhindi wa duka alizicheka zote hizo kwa moyo mweupe, mpaka Jumamosi moja alipotokea Mhindi mwenye kilemba na nyoka kikapuni, anachungulia dirishani mwa mwanamke aliyelala. Mzee akainuka kwenye benchi lake, akatoka kupitia verandani kwetu, na alipofika kwangu akasimama. "Sisi hapana iko namna hii," akasema. Nikamjibu, "Pole, mzee. Karibu nyuma." Nami nilikuwa na tabia ya kuhesabu. Kwenye sinema moja ndefu nilihesabu maneno ya mtu mweusi yakawa kumi na moja; iliporudiwa nikahesabu tena yakawa tisa. Mawili alikuwa anakohoa.

Iliyotuharibu ilikuwa sinema ya treni. Mikanda mipya ilichelewa kufika, hiyo ikaonyeshwa Jumamosi mbili mfululizo. Tajiri anauawa kitandani, ndani ya behewa. Mpelelezi anawaita abiria mmoja mmoja, anawauliza, anavuta sigara. Na yupo mtumishi mweusi wa behewa, ambaye tumemwona kwa macho yetu akimtandikia marehemu kitanda, akimpelekea kahawa, akimpisha muuaji mlangoni. Sinema ikaisha hajaulizwa neno. Veranda ikachafuka kimya kimya.

"Nchagwa, umeturuka," akasema fundi mmoja Mluo wa jenereta. "Kuna mahali walimwuliza, wewe ukanyamaza."

"Hawakumwuliza."

"Yawa! Mtu aliyelala mlangoni?"

"Nimekuambia hawakumwuliza, ndugu yangu. Niwatafsirie nini? Kimya?"

"Kwetu ng'ombe akiibwa," akasema Muniko, "anaulizwa kwanza aliyelala zizini." Muniko alikuwa mpishi wa msimamizi wa zamu, mtu wa maneno machache aliyependa kukaa karibu na kapu langu kwa sababu alijua maandazi ya mwisho huwa nayapunguza bei. "Hata kama ni kichaa, anaulizwa."

Jumamosi iliyofuata, mtumishi wa behewa alipofungua mdomo kusema yale maneno yake mawili ya kila siku, ndiyo bwana, Nchagwa akanong'ona: "Bwana, mimi nilimwona. Ni wewe tu hujaniuliza." Mnong'ono ukatembea verandani kama moto kwenye nyasi. Mtumishi akainama kuokota sanduku: "Nina majina yote, bwana. Nikupe kwa oda au kwa rejareja?" Tulicheka. Tulicheka mahali ambapo kwa upande wa mbele mwanamke alikuwa analia, na meneja akaja akapiga sakafu kwa kiatu. Tangu siku hiyo hatukumkosa Nchagwa hata Jumamosi moja. Wazungu walitazama sinema yao, sisi ya kwetu, na shuka lilikuwa moja.

Sasa ilifika Jumamosi ya mvua. Ilinyesha mchana kutwa, ikakatika mashine ilipowashwa. Katikati ya sinema mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mhasibu wa mgodi, kijana mwembamba mwenye masharubu aliyoyanakili kutoka kwenye shuka lile lile. Alituvuka. Najua neno ninalolitumia: alituvuka kama mtu anavyovuka magunia, akitafuta pa kukanyaga kati ya miguu yetu, na pa mwisho alipopata ni ndani ya kapu langu. Maandazi matatu yakawa chapati. Hakutazama chini. Akaenda gizani upande wa nyumba za wakubwa, na kabla sinema haijaisha akarudi, buti zimejaa tope jekundu, akatuvuka tena, akaingia, akaketi. Watu kama arobaini tulimwona. Mimi nilimwona kuwazidi wote, maana nilikuwa na hasara.

Usiku huo huo msimamizi wa zamu alikuta dirisha lake limesukumwa na bastola haipo. Wakati ule ng'ambo ya mpaka wa Sirari watu walikuwa wanapigana na serikali msituni, na upande wetu bastola moja kupotea ilitosha kumpa kila mzungu homa. Kabla ya jogoo, Muniko alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya saruji. Ilisemekana Jumatatu asubuhi lori lingempeleka Musoma, na anayepelekwa Musoma kwa bastola harudi kupika. Hakukuwa na jingine la kujua: Jumatatu asubuhi, lori. Hapo ndipo nilipokaa chini nikapiga hesabu ya ule ulimwengu wa shuka na huu wa kambi, nikairudia, ikaleta jibu lile lile. Kwenye sinema hatuna akili ya kuua mtu, hata hatushukiwi. Kambini hatuna haki ya kutoshukiwa. Ni walewale wanaotazama, macho ni yale yale.

Inspekta alitoka Musoma Jumapili mchana. Alikuwa kijana, kofia ameivuta jicho moja, sigara pembeni ya mdomo. Aliposhuka kwenye gari nilitazama kama kuna mtu anapiga piano. Akazunguka nyumba ya msimamizi, akakanyaga kila mahali, kisha akakaa ofisini na kuagiza mpishi aletwe na dresa aje kukalimani. Mimi niliweka kapu chini ya dirisha la ofisi. Hakuna aliyeniuliza ninafanya nini pale. Mwuza maandazi ni kama bomba la maji, yupo tu.

"Anataka useme bastola iko wapi," Nchagwa akatafsiri.

"Mwambie sikutoka jikoni," akasema Muniko. "Nilikuwa nakaanga sato. Tena mimi natembea pekupeku, bwana hataki viatu ndani ya nyumba yake. Aangalie dirishani kama kuna mguu mtupu."

Nchagwa akasema Kiingereza. Akasema, akasema tena, akaendelea. Hata mimi nisiyekijua nilitambua kwamba sato hakaangwi kwa maneno marefu hivyo.

"Mura," Muniko akamwambia, kama anayemwita kijana wa kwao, "maneno yangu yalikuwa mafupi. Hayo mengine ni ya nani?"

"Ni yetu," akasema Nchagwa. "Nimemwambia tulikuwa verandani. Nimemwambia nani alitoka, na nani alirudi na tope."

Mtu yule alikuwa amekiri mbele ya polisi kwamba anatazama sinema za marufuku na kuwatafsiria wengine, yeye mwenye kazi ya heshima mgodini, kaptula na pasi. Nikasikia kiberiti. Kisha inspekta akasema maneno machache, kwa upole, kama anayemwelekeza mtu njia.

"Amesemaje?" akauliza Muniko.

"Amesema verandani hakukuwa na mtu."

Nimesikia matusi mengi. Sokoni ndiyo sabuni yetu. Hakuna lililowahi kunichafua kama hilo, na lilisemwa kwa adabu. Sikumwona yule inspekta kuwa mjinga. Mjinga ningemsamehe. Alikuwa na watu arobaini wa kuuliza, na mmoja amekuja mwenyewe mpaka mezani, kwa Kiingereza chake, akiwa amevaa vizuri. Akamtazama, akaona nguzo.

Lakini mzee Mwita, mjomba wa Muniko, alikuwa amefika kambini tangu alfajiri na watu wa ritongo, yaani baraza la ukoo. Kwetu, ng'ombe akiibwa, nyayo ndizo mashtaka. Zinafuatwa mpaka zinapoingia kwenye boma la watu, na hapo wenye boma wanakabidhiwa: zimeingia kwenu, zitoeni. Wakionyesha zilikotokea upande wa pili, mzigo unahamia kwa jirani. Wakishindwa, hakuna maneno, wanalipa. Wazee walikuwa wamezikuta nyayo za buti, zenye misumari kwenye kisigino, zikitoka dirishani kwa msimamizi, zikakata uwanja, zikapanda ngazi za nyumba ya mhasibu. Wakachomeka kijiti kando ya kila moja. Baadaye inspekta alizikanyaga nusu, lakini unyayo uliobaki mzuri kuliko zote ulikuwa chini ya dirisha lenyewe, na mawingu yalikuwa yanarudi. Nilichukua karai langu la kukaangia, nikaufunika, nikakaa kando yake. Jioni akaja askari, Msukuma, mtu wa makamo.

"Dada, ondoa karai."

"Unanunua maandazi mangapi?"

"Sinunui. Nimesema ondoa."

"Asiyenunua hafungi soko."

"Soko gani? Karai limefunikwa!"

"Ndiyo hivyo, leo nimefunga. Ningekuwa nauza ningelifunua."

Akachuchumaa karibu yangu, sauti ikashuka. "Kuna nini chini?"

"Mguu."

"Wa nani?"

"Si wa mpishi."

Wasukuma ni watu wa ng'ombe. Akalitazama karai, akavitazama vijiti vilivyokata uwanja, akaelewa bila kutafsiriwa. Akainuka akajikung'uta magoti. "Basi mimi sijaliona karai lolote."

"Utakuwa wa pili leo kutoona kitu," nikamwambia. "Ila wewe nimekupenda." Ikanyesha usiku kucha. Nililala pale pale chini ya upenu, nusu yangu ndani ya mvua.

Jumatatu lori likawashwa. Muniko akatolewa stoo, mikono imefungwa kwa kamba, akapandishwa nyuma. Hapo wazee wakaingia uwanjani, hawana mikuki, wana fimbo tu, wakasimama mbele ya ngazi za mhasibu, si mbele ya lori. Mzee Mwita akanipa ishara, nikalifunua karai. Unyayo ulikuwa mkavu na safi, misumari ya kisigino ungeweza kuihesabu, na niliihesabu mara mbili: saba. Inspekta akaja kwa hasira, kisha meneja, kisha mhasibu mwenyewe akatoka mlangoni akiwa na soksi, na buti zake zilikuwa hapo hapo kwenye ngazi, zimeegeshwa zikauke, soli zimetazama juu, misumari ile ile. Hakuwa amefikiria kuzificha. Angezificha kwa nani?

"Nchagwa," akasema mzee Mwita, "mwambie huyu kijana shikamoo haipo leo. Mwambie nyayo zimeingia kwake. Azitoe."

Nchagwa akatafsiri. Safari hii hakuongeza neno wala hakupunguza. Mhasibu akatazama nyayo, akatazama buti, akamtazama meneja.

"Mwambie sisi hatuna haraka," akasema mzee Mwita, na wazee wote wakaketi, pale pale kwenye tope, kama watu waliofika kwenye mahari.

Wazungu wakaingia ndani, wakafunga mlango. Tulisikia vikombe vya chai. Tulisikia sauti ya msimamizi ikipanda, ikiambiwa ishuke. Chai ikaisha, mlango ukafunguka, na meneja akasema kupitia kwa Nchagwa kwamba bastola imepatikana, ilikuwa nyuma ya droo nyumbani kwa msimamizi, imesahauliwa tu, mpishi anaweza kwenda. Kamba akaikata yule askari wangu. Hakuna aliyesema pole. Kwa nini mhasibu aliichukua, kama ni ugomvi, kama ni mwanamke, kama ni kujaribu masharubu yake, sikuwahi kuambiwa. Baada ya siku chache alipewa likizo ya kwao, akafanyiwa karamu ya kuagwa, wakaimba. Muniko aliachishwa kazi kwa kosa la kuleta fujo za wazee kambini. Alirudi kwao Nyambureti, akalima mtama, na hakuwahi tena kumpikia mtu asiyemzaa yeye au asiyezaliwa naye. Nchagwa hakufukuzwa, maana dresa mwingine hakuwepo, ila alikatwa cheo na tangu hapo kila mzungu aliyemtibu alimtazama mikono, si uso. Na Jumamosi iliyofuata shuka lilikuwa limehamishiwa ukutani, upande wa pili wa chumba, na veranda yetu imezungushiwa waya.

Mimi nililia kwa hasira. Nchagwa alisimama nje ya waya na kaptula yake iliyopigwa pasi, akaushika kwa vidole viwili kama anayepima nguo dukani. "Robi," akaniambia, "mbona unalia? Mahali pasipo na watu hapafungwi waya. Wamekiri." Nilimwambia huko ni kukiri kwa bei mbaya. Akasema amewahi kuona bei mbaya zaidi.

Hayo yote yalinipitia Kerende nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mjukuu wangu akinisifia mwanga. Sikumgombeza. Yeye ameingia sinema kwa mlango wa mbele, amekaa kiti cha mbele, na upande huo ndivyo unavyofundisha. Nilimwambia tu azime, ang'oe misumari.

"Bibi, tumefika katikati."

"Ng'oa. Yote minne, tena usiipoteze. Litundike kati ya nguzo mbili za turubai, halafu uanze mwanzo."

Akafanya. Mtoto mwema, ana heshima hata akiwa haelewi. Nikabeba kiti changu, nikaenda upande wa nyuma wa shuka. Wajane na wazee wakanitazama, kisha mmoja mmoja wakabeba vya kwao wakanifuata, nadhani kwa kufikiri nyuma kuna upepo kidogo. Chacha akawasha. Maandishi yakaja kinyumenyume. Mvua ikanyesha, kofia zikapita, mwanamke akajua mengi. Na kivuli kikaja, na ndani yake yule mwenye sanduku, na nilipomwona anakusanya midomo kusema maneno yake mawili, nikakohoa kusafisha koo.

"Bwana," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa turubai, "mimi nilimwona. Ni wewe tu hujaniuliza."

Nyuma yangu mtu akacheka, kisha wengi. Kwenye shuka mpelelezi hakugeuka. Alichukua kofia yake kwa mkono wa kushoto, akaivaa, akampita mwenye sanduku.